Kroon ya Estonia: Sarafu Iliyowafunga Mikono Watawala Wake

Tarehe 20 Juni 1992 Estonia, nchi ndogo ya pwani ya Bahari ya Baltiki iliyokuwa na watu wapatao milioni moja na nusu, ilianza kutumia fedha yake yenyewe, kroon, ikawa ya kwanza miongoni mwa jamhuri za uliokuwa Muungano wa Kisovieti kuachana kabisa na rubli. Uhuru wake ulikuwa umerejea miezi kumi tu nyuma, Agosti 1991. Askari wa Urusi walikuwa bado wamo katika kambi zake, wala hawakuondoka hadi Agosti 1994. Na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa limeishauri isifanye haraka. Mageuzi ya aina hii huandikwa mara nyingi kana kwamba ni shughuli ya wataalamu wa hesabu peke yao, ilhali jambo lililoamuliwa mjini Tallinn mwaka ule lilikuwa la kisiasa tangu mwanzo: ni nani aruhusiwe kuongeza fedha katika nchi, na ni nani azuiwe hata pale atakapokuwa na shida ya kweli.

Uzito wa uamuzi huo haueleweki bila kujua fedha ilikuwa kitu gani chini ya ukomunisti. Katika uchumi uliopangwa na dola, bei haikutokana na mapatano ya muuzaji na mnunuzi bali ilitajwa na ofisi ya mipango, na kiwanda hakikupata chuma au pamba kwa kuwa kilikuwa na fedha za kununulia, bali kwa kuwa kilipewa mgawo. Karibu shughuli zote za benki zilikuwa mikononi mwa benki moja kwa nchi nzima, Gosbank, iliyofanya kazi ya benki kuu na papo hapo ikatunza hesabu za kila kiwanda. Rubli nazo zilikuwa za namna mbili chini ya jina moja: zilikuwapo noti na sarafu za kulipia mishahara na kununulia dukani, na zilikuwapo rubli za hesabu, yaani tarakimu zilizohamishwa kutoka daftari la kiwanda kimoja hadi la kingine, ambazo hazikuweza kugeuzwa noti bila kibali. Mpango huo uliweza kuendelea maadamu namna hizo mbili zilitenganishwa. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mikhail Gorbachev utengano huo ulilegea: viwanda viliruhusiwa kupandisha mishahara, bidhaa hazikuongezeka, bei zikaendelea kushikiliwa chini kwa amri, na watu wakabaki na fedha mkononi zisizo na cha kununua. Mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa bei kwa jumla na kwa mfululizo, ulikuwa tayari umeingia nchini, ila dalili zake zilikuwa foleni na rafu tupu badala ya bei zenyewe.

Januari 1991 Waziri Mkuu wa Muungano huo, Valentin Pavlov, alijaribu kuzipunguza fedha hizo kwa kufuta ghafla noti za rubli 50 na 100, akiwapa wananchi siku tatu za kuzibadilisha, tena kwa kikomo. Wengi walipoteza akiba, bei hazikutulia, na kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba neno la serikali kuhusu fedha si la kuaminiwa. Kila aliyetaka kubadili fedha baada ya hapo, Estonia au kwingineko, alikuta kumbukumbu hiyo ikimsubiri.

Muungano ulipovunjika Desemba mwaka huo, rubli iliendelea kutumika katika nchi zote zilizozaliwa humo, na hapo ndipo ilipojitokeza kasoro ambayo hakuna serikali peke yake ingeweza kuirekebisha. Noti zilichapishwa na Moscow tu, lakini benki kuu ya kila nchi iliweza kutoa mikopo ya rubli za hesabu kwa viwanda vyake na kwa serikali yake. Nchi iliyokopesha bila kujizuia ilinunua bidhaa za majirani kwa fedha iliyoitengeneza yenyewe, huku madhara ya bei kupanda yakienea kwa wote. Nchi iliyojizuia iliyabeba madhara yale yale na isipate chochote. Kwa hiyo kila moja ilikuwa na sababu ya kukopesha zaidi na hakuna iliyokuwa na sababu ya kuacha, hata kama viongozi wote wangekuwa watu waadilifu na wenye elimu ya kutosha. Wale walioishauri Estonia ibaki katika rubli kwa muda, kwa hoja kwamba biashara yake karibu yote ilikuwa na jamhuri za zamani, hawakuipa kasoro hii uzito uliostahili.

Tarehe 2 Januari 1992 Urusi iliziachia bei zake nyingi, na bei ya mafuta na malighafi ambazo Estonia ilizipata kutoka huko ikaanza kukimbilia viwango vya soko la dunia. Majira ya baridi yalikuwa katikati, mafuta yalipungua, chakula kiligawiwa kwa kuponi, na serikali ya Edgar Savisaar ikajiuzulu mwezi huo huo, nafasi yake ikachukuliwa na serikali ya mpito ya Tiit Vähi. Juu ya hayo, noti zenyewe ziliadimika: bei zilipanda kuliko kasi ya mitambo ya uchapaji ya Moscow, na mishahara ikawa haiwezi kulipwa kwa wakati kwa sababu fedha taslimu hazikuwapo. Nchi ilikuwa na mfumuko wa bei uliopindukia asilimia 1,000 kwa mwaka, na papo hapo ikawa na uhaba wa noti, hali mbili ambazo kwa kawaida haziendi pamoja.

Wazo la fedha ya Estonia halikuzaliwa katika dhiki hiyo. Septemba 1987, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa bado na hatari, watu wanne, Siim Kallas, Tiit Made, Edgar Savisaar na Mikk Titma, walichapisha katika gazeti la Tartu pendekezo la kuifanya Estonia ijitegemee kiuchumi ndani ya Muungano, fedha yake ikiwa sehemu ya mpango huo. Benki kuu ya nchi, Eesti Pank, iliyoanzishwa mwaka 1919 na kuzimwa baada ya nchi kutwaliwa na Muungano wa Kisovieti mwaka 1940, ilifufuliwa mwaka 1990, na Kallas akawa mkuu wake mwaka uliofuata. Kazi ya kubadili fedha ilikabidhiwa kamati ya watu watatu tu: Vähi kama waziri mkuu, Kallas kama mkuu wa benki kuu, na Rudolf Jalakas, mchumi wa asili ya Estonia aliyekuwa amefanya kazi ya benki nchini Uswidi. Washauri kutoka nje hawakukosekana. Mchumi Jeffrey Sachs wa Marekani alikuwapo. Ardo Hansson, mchumi wa ukoo wa Kiestonia ambaye miaka mingi baadaye angekuja kuiongoza Eesti Pank, alikuwapo. Nao wachumi Steve Hanke, Lars Jonung na Kurt Schuler waliandika kitabu kizima wakipendekeza bodi ya sarafu.

Bodi ya sarafu ni mpango wa kisheria ambao ndani yake fedha ya nchi haitolewi ila pale inapokuwapo akiba ya dhahabu au fedha za kigeni yenye thamani ile ile, na anayeirudisha fedha hiyo hupewa ya kigeni kwa kiwango kisichobadilika. Kwa masharti hayo wingi wa fedha nchini hauamuliwi na waziri wala na gavana: ukiuza nje zaidi au wageni wakileta mitaji, fedha huongezeka, fedha za kigeni zikitoka, ile ya ndani hupungua, riba hupanda, na watu hulazimika kutumia kidogo. Benki kuu ya namna hii haiwezi kuikopesha serikali kwa ajili ya kuziba nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya mapato na matumizi yake, na uwezo wake wa kuiokoa benki ya biashara iliyoishiwa ni mdogo sana. Kwa maneno mengine, ni taasisi iliyoundwa ili iweze kukataa.

Afrika Mashariki inaujua mpango huu kwa uzoefu wake yenyewe. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1960, ndiyo iliyotoa shilingi iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1936 Zanzibar pia, kila shilingi ikifungamanishwa na pauni ya Uingereza na akiba yake ikiwekezwa zaidi huko Uingereza. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilianzisha benki kuu zao na bodi hiyo ikafungwa. Ulinganisho huu unafundisha jambo kwa sababu nchi hizo tatu ziliondoka katika bodi ya sarafu ili zipate mamlaka yale yale ambayo Estonia, miaka ishirini na sita baadaye, iliyatupa kwa hiari. Hakuna upande uliokosea. Kwa mataifa mapya ya miaka ya 1960, bodi ilikuwa chombo cha mkoloni kilichochukua akiba ya wakulima wa kahawa na pamba na kuiweka London, nayo serikali zenye shule na barabara za kujenga zisiweze kukopa kwa bodi hiyo ila kidogo. Kwa Estonia, hatari haikuwa mkoloni anayezuia fedha bali dola inayozitengeneza bila mwisho, na walioipitisha sheria ya kujizuia walikuwa wabunge wake wenyewe. Chombo kilikuwa cha aina moja, lakini thamani yake ilitegemea ni nani anakishika na anamfunga nani.

Bodi ya sarafu huhitaji akiba kabla ya kuanza, na nchi iliyotoka mikononi mwa Moscow haikuwa na fedha za kigeni za kutajika. Kilichoiokoa kilikuwa dhahabu ya babu zao. Kabla ya mwaka 1940 Jamhuri ya Estonia ilikuwa imeweka dhahabu yake katika benki za nje, hasa Uingereza, Uswidi na katika Benki ya Malipo ya Kimataifa iliyoko Basel, Uswisi. Uswidi ilikuwa imeikabidhi sehemu yake kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1940, na Uingereza iliitumia sehemu yake katika miaka ya 1960 kumaliza madai kati yake na Moscow, lakini Basel haikuitoa yake. Mwaka 1992 nchi hizo mbili zilirudisha au kufidia kilichokuwa chao Waestonia, Benki ya Malipo ya Kimataifa nayo ikarejesha ilichokihifadhi, na jumla ikafikia takribani tani 11. Kwa kuhofia kwamba kiasi hicho hakitatosha au kitachelewa, serikali iliikabidhi benki kuu pia haki ya kuvuna misitu ya dola yenye thamani iliyokadiriwa kuwa dola milioni 150 za Marekani. Msitu si akiba inayoweza kuuzwa asubuhi moja benki inapovamiwa na wenye amana, na wataalamu walilisema hilo. Lakini katika nchi ambayo karibu nusu ya ardhi yake ni miti, dhamana hiyo ilieleweka na kila mtu, na kueleweka ni nusu ya kazi ya fedha yoyote.

Sheria ya dhamana ya kroon ilipitishwa tarehe 20 Mei 1992. Iliifunga kroon kwa marki ya Ujerumani, fedha iliyosifika Ulaya nzima kwa uthabiti wake, kwa kiwango kilichowekwa kuwa kroon 8 kwa marki 1, na ikainyima Eesti Pank mamlaka ya kuishusha thamani. Aliyetaka kufanya hivyo angelazimika kwenda bungeni, kujadili hadharani na kubadili sheria. Sharti hili lilikuwa na nguvu kuliko linavyoonekana. Serikali inayoshusha thamani ya fedha hufaulu kwa kushtukiza, na mjadala wa bunge hauwezi kushtukiza. Kiwango chenyewe kilichaguliwa kwa kuwa kilikaribia bei ya rubli katika soko la wakati huo na kilikuwa rahisi kukumbuka, lakini kilikuwa cha chini mno: mshahara wa wastani ulikuwa chini ya dola 100 kwa mwezi. Jambo hilo liliwapa wauzaji wa nje nafasi kubwa ya kushindana, na liliwafanya wafanyakazi wa Estonia kuwa maskini katika kila duka lenye bidhaa za kigeni.

Kubadilisha fedha kulifanyika kwa siku tatu, kuanzia tarehe 20 hadi 22 Juni. Kila mkazi aliyejiandikisha, awe raia au la, aliweza kubadilisha rubli 1,500 taslimu kwa kiwango cha rubli 10 kwa kroon 1, akapata kroon 150. Rubli zilizozidi hapo zilibadilishwa kwa rubli 50 kwa kroon 1, kiwango kigumu kilichokusudiwa kuzuia rubli za jamhuri nyingine zisimiminike nchini kutafuta hifadhi. Amana za benki kwa kawaida zilibadilishwa kwa 10 kwa 1. Uamuzi wa kuwatendea wakazi wote sawasawa ulikuwa na maana kubwa katika nchi ambayo karibu theluthi ya watu wake walikuwa wazungumzaji wa Kirusi, wengi wao wakiwa bado hawana uraia. Siku hizo tatu zilipita kwa utulivu. Noti mpya, zilizochapwa nje ya nchi, hazikuwa na sura ya mtawala yeyote: zilibeba picha za mshairi Lydia Koidula, mwandishi wa riwaya Anton Hansen Tammsaare, na bingwa wa sataranji Paul Keres. Wiki moja baadaye, tarehe 28 Juni, wananchi waliipigia kura katiba mpya na kuipitisha.

Kroon 150 zilikuwa chini ya marki 19. Ni vema kiasi hicho kitazamwe kama kilivyo, kwa sababu masimulizi ya mafanikio ya Estonia hupita haraka mahali hapa. Mzee aliyeweka akiba maisha yake yote katika benki ya Kisovieti hakunyang'anywa na mageuzi ya Juni. Alikuwa amekwisha kunyang'anywa na mfumuko wa bei wa miezi iliyotangulia, na mageuzi yaliandika tu hasara hiyo kwa wino usiofutika.

Matokeo ya kwanza yalipita matarajio. Watu waliokuwa wameficha marki, dola na fedha za Ufini majumbani walianza kuzipeleka benki kununua kroon, bidhaa zikarudi madukani, na akiba ya benki kuu ikaongezeka badala ya kumalizika. Bei hazikusimama mara moja. Mwaka 1993 mfumuko ulikuwa bado karibu asilimia 90, na haukushuka chini ya asilimia 10 hadi mwaka 1998, jambo linaloshangaza kwa fedha iliyofungwa na marki. Sababu iko katika kile kiwango cha chini cha mwanzo: kwa kuwa kila kitu nchini kilikuwa rahisi mno kikilinganishwa na Ulaya Magharibi, bei na mishahara viliendelea kupanda polepole kuufuata uchumi wa majirani, na kwa kuwa kiwango cha kubadilisha fedha kilikatazwa kusogea, mwendo wote ulipitia katika bei. Wataalamu wangeweza kulieleza hilo kwa mchoro mmoja. Mstaafu wa Tartu alilikuta kila wiki katika mkate na kodi ya nyumba.

Jaribio la kweli lilikuja miezi mitano tu baada ya kroon kuzaliwa. Mnamo Novemba 1992 benki tatu kubwa ziliishiwa ukwasi, yaani fedha za kulipia wenye amana pale wanapodai. Benki ya Biashara ya Tartu, iliyokuwa miongoni mwa benki za kwanza za binafsi katika Muungano wa Kisovieti, ilikuwa imekopesha ovyo. Nyingine mbili zilikuwa na fedha nyingi zilizozuiwa Moscow katika Vneshekonombank, benki ya biashara ya nje ya Kisovieti iliyofunga hesabu za wateja wake. Katika nchi yenye benki kuu ya kawaida, jibu lingekuwa kuchapisha fedha na kuzigawa kwa benki hizo. Eesti Pank ilisimamisha shughuli za benki zote tatu. Ile ya Tartu ilifungwa na wenye amana wake wakapoteza fedha zao nyingi. Mbili zilizobaki ziliunganishwa na kupewa hatifungani za serikali, yaani hati za deni, kwa ajili ya yale madai yaliyokwama Moscow, ambayo benki hizo hazikuwa na kosa nayo. Ukatili wa uamuzi huo ulikuwa wazi, kwani viwanda visivyo na hatia vilikosa fedha za mishahara. Hata hivyo huo ndio uliowathibitishia wananchi na wafanyabiashara kwamba sheria ya Mei haikuwa karatasi tu, na tangu siku hiyo mabenki yaliyobaki yalianza kuchagua wakopaji wao kwa makini kuliko yalivyowahi kufanya.

Serikali iliyosimama wakati wa msukosuko huo ilikuwa ya Mart Laar, mwanahistoria aliyekuwa na umri wa miaka 32 alipoapishwa Oktoba 1992. Iliondoa karibu ushuru wote wa forodha, ikakata ruzuku za viwanda, ikasawazisha bajeti, na mwaka 1994 ikaanzisha kodi ya mapato ya kiwango kimoja cha asilimia 26 kwa tajiri na maskini. Ubinafsishaji, yaani kuuza mali za dola kwa watu na makampuni binafsi, uliendeshwa na wakala mmoja aliyefuata mfano wa Ujerumani Mashariki, viwanda vikubwa vikiuzwa kwa zabuni kwa yule aliyeahidi mtaji na ajira; ardhi na nyumba zilizotaifishwa baada ya 1940 zilirudishwa kwa wenyewe au warithi wao. Haki hiyo kwa wengine ilikuwa balaa kwa wapangaji waliokuwa wameishi katika nyumba hizo kwa miongo kadhaa.

Gharama ya kipindi hicho haikugawanywa sawasawa, na hapa ndipo sifa za mageuzi zinapopaswa kupimwa kwa makini. Pato la taifa lilipungua kwa takribani theluthi kabla ya kuanza kupanda tena katikati ya miaka ya 1990. Mashamba ya pamoja yalivunjwa na vijiji vingi vikapoteza mwajiri wa pekee. Kaskazini mashariki, katika mji wa Narva ulio mpakani na Urusi, viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya soko la Kisovieti vilipoteza wanunuzi wao karibu kwa mara moja, na wafanyakazi wake, wengi wakiwa wazungumzaji wa Kirusi wasio na uraia, hawakuwa na kura ya kuwaadhibu watawala katika uchaguzi wa bunge. Umri wa kuishi wa wanaume ulishuka hadi takribani miaka 61 mwaka 1994. Takwimu hiyo haitajwi mara nyingi katika vitabu vinavyosifu kiwango cha kroon 8 kwa marki, nayo ingestahili kuwekwa katika ukurasa ule ule.

Wala uaminifu uliodaiwa kwa wananchi haukutimizwa daima na watawala. Baadhi ya rubli zilizokusanywa mwaka 1992 ziliuzwa nje kwa siri, kinyume cha yale yaliyokubaliwa na Urusi, na jambo hilo lilipofichuka Laar alipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye, Septemba 1994. Serikali ilianguka, lakini kroon haikutikisika, kwa kuwa haikuwa imejengwa juu ya tabia njema ya mtu yeyote. Hilo ndilo lililokuwa kusudi la sheria yake.

Majirani walichukua njia zinazofanana bila kunakiliana. Latvia ilirudisha lats mwaka 1993 na kuishikilia kwa uthabiti bila bodi kamili ya sarafu. Lithuania ilianza bodi yake mwaka 1994, litas 4 kwa dola 1. Mbali na Baltiki, Bulgaria ilifuata mwaka 1997, baada ya mabenki yake kuporomoka na bei kupanda zaidi ya mara tatu katika mwezi mmoja. Argentina, iliyojifunga kwa dola mwaka 1991 lakini serikali yake ikaendelea kukopa nje, ilivunja ahadi yake mwanzoni mwa 2002 katikati ya ghasia. Tofauti kati yake na Estonia haikuwa katika bodi yenyewe, bali katika bajeti: sheria inaweza kumzuia waziri asikope kwa benki kuu, lakini haiwezi kumzuia asikope kwa wageni.

Msukosuko wa fedha wa dunia uliifikia Estonia mwaka 2008, baada ya miaka ya mikopo rahisi iliyoletwa na benki za Uswidi, ambazo kufikia wakati huo zilimiliki sehemu kubwa ya mabenki ya nchi. Mwaka 2009 pato la taifa lilishuka kwa zaidi ya asilimia 14, na mwanzoni mwa 2010 karibu mtu mmoja kati ya watano katika nguvu kazi hakuwa na ajira. Wachumi wengi wa nje walishauri kroon ishushwe thamani. Serikali ilikataa, ilipunguza mishahara ya watumishi wa umma, ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 18 hadi 20, ikakata matumizi. Sehemu ya sababu ilikuwa kanuni, na sehemu ilikuwa hesabu ya kawaida: familia nyingi zilikuwa zimekopa nyumba kwa euro huku zikilipwa kwa kroon, na kushusha thamani kungeongeza madeni yao usiku mmoja. Waliopoteza kazi, wengi wakiwa wajenzi na vijana, ndio waliobeba mzigo wa kuilinda fedha hiyo, na maelfu walivuka bahari kwenda kufanya kazi Ufini.

Tarehe 1 Januari 2011 Estonia iliingia katika euro kwa kiwango cha kroon 15.6466 kwa euro 1. Namba hiyo haikubuniwa na mtu mwaka huo. Euro ilipoanza mwaka 1999 ilikuwa imelinganishwa na marki 1.95583, na marki moja tangu mwaka 1992 ilikuwa kroon 8. Kuzidisha namba hizo mbili ndiko kulikotoa jibu, maana kiwango cha mwanzo kilikuwa hakijaguswa kwa miaka kumi na minane na nusu. Noti za kroon zilizosalia katika masanduku ya watu bado zinapokelewa na Eesti Pank, ambayo huzibadilisha kwa kiwango hicho hicho, bila ada na bila kuweka tarehe ya mwisho.